Gari la wagonjwa huanza safari nyumbani kwako

Mtu anapozidiwa usiku katika kijiji kilichoko juu ya milima ya Kilolo, swali la kwanza kusikika ndani ya nyumba huwa ni hili: tutapata wapi gari? Ni swali la haki. Hata hivyo, tunaposikiliza malalamiko ya wananchi kuhusu huduma ya gari la wagonjwa, tunakuta kwamba mlalamikaji anakumbuka kwa dakika muda aliolisubiri gari, lakini akiulizwa ilichukua muda gani tangu dalili ya kwanza kuonekana hadi simu ikapigwa, hunyamaza kidogo. Kisha husema: tulikuwa tunamsubiri baba arudi, tulidhani itatulia, hatukuwa na vocha kwenye simu.

Sura hii ya kijitabu inaeleza jinsi huduma ya usafiri wa dharura inavyofanya kazi katika mikoa ya Mbeya na Iringa, haki yako ni ipi unapoihitaji, na sehemu ipi ya kazi hiyo haiwezi kufanywa na dereva wala muuguzi, bali na nyumba yako na majirani zako.

Mwaka 1994 watafiti wawili wa afya ya uzazi, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba mama mjamzito anayepoteza maisha mara nyingi huwa amecheleweshwa katika hatua mojawapo kati ya tatu. Ya kwanza ni kuchelewa kuamua kutafuta huduma. Ya pili ni kuchelewa kufika kituoni. Ya tatu ni kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mgawanyo huo umekuwa ukitumika na wahudumu wa afya duniani kote, na hapa nchini unasikika katika mafunzo ya wakunga. Gari hutibu ucheleweshaji wa pili peke yake. Wa tatu ni wajibu wa kituo. Wa kwanza ni wa familia, na hakuna gari lenye king'ora liwezalo kuurudisha muda uliopotea hapo.

Muda wenyewe ni mfupi kuliko wengi wanavyodhani. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili hivi. Ukitoa dakika za kushauriana, za kutafuta mwenye simu yenye chaji, na za kushuka mlima hadi barabarani, zinazobaki kwa ajili ya dereva ni chache sana.

Kuna sababu ya kusema haya kwa matumaini. Utafiti wa taifa wa hali ya afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti kama huo wa mwaka 2022 ulionyesha 104. Kupungua huko kumetokana na mambo mengi: vituo vya afya vilivyojengwa, vyumba vya upasuaji vilivyofunguliwa katika ngazi ya kata, dawa na wataalamu. Usafiri wa dharura ni mojawapo tu, lakini ndio unaomfikisha mama kwenye hayo mengine yote.

Namba 115 na watu walio nyuma yake

Mfumo wa usafiri wa dharura unaojulikana kwa jina la m-mama ulianza kujaribiwa Kanda ya Ziwa, katika eneo la Sengerema mkoani Mwanza na baadaye Shinyanga, kwa ushirikiano wa Serikali na mashirika yakiwemo Vodafone Foundation, Touch Foundation na Pathfinder International. Mwezi Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua uwe wa kitaifa, na mikoa ya Nyanda za Juu Kusini imo ndani yake. Umejengwa kwa ajili ya mama mjamzito, mama aliyejifungua ambaye bado yuko ndani ya siku 42, na mtoto mchanga ambaye hajatimiza siku 28.

Namba ya kupiga ni 115. Haitozwi, hivyo simu isiyo na salio huweza kuipiga, na inapokelewa usiku na mchana. Anayepokea si karani wa kuandika jina tu. Ni mhudumu aliyefunzwa kazi ya afya, aliyekaa katika kituo cha mkoa cha kuratibu rufaa, mwenye orodha ya maswali na ramani ya vituo, magari na madereva. Kutokana na majibu yako huamua mambo matatu kwa wakati mmoja: hali ni ya hatari kiasi gani, kituo kipi kina uwezo wa kuitibu, na chombo gani kilicho karibu kinaweza kutumwa. Gari la wagonjwa la Serikali likiwepo karibu, huelekezwa. Lisipokuwepo, au likiwa mbali, huitwa dereva wa jamii.

Dereva wa jamii anastahili maelezo ya ziada, kwa kuwa wananchi wengi humshuku. Anapofika na gari dogo lenye vumbi, lisilo na taa nyekundu wala maandishi ya hospitali, familia hujiuliza kama ni yeye kweli. Huyu ni mkazi wa eneo hilo mwenye gari au chombo kinachofaa, aliyechaguliwa na kuhakikiwa, akakubali kwa mkataba kuitwa saa yoyote. Halipwi na familia. Malipo yake hutumwa kwa simu baada ya kituo kuthibitisha kwamba mgonjwa amefika, kwa kiwango kinacholingana na umbali. Utaratibu huo unamlinda yeye, kwa maana hana haja ya kujadiliana bei na watu waliofadhaika, na unakulinda wewe, kwa maana hana sababu ya kukushusha njiani. Ukiwa na shaka, piga tena 115 uulize aliyetumwa ni nani na anaendesha gari gani.

Wapo madereva wanaokataa kujiandikisha kwa hofu kwamba mama akifariki njiani watalaumiwa. Hofu hiyo tunaielewa. Dawa yake ni kijiji kuwafahamu madereva wake kwa majina, mkutano mkuu wa kijiji kuwatambulisha, na mwenyekiti wa kitongoji kuwa na namba zao. Mtu anayeshukuriwa hadharani kwa safari kumi zilizofanikiwa hatakimbia kwa sababu ya moja iliyoishia vibaya.

Tuseme ni nyumbani kwako

Tuchukue mfano. Ni mwezi wa tatu, mvua haijakatika kwa wiki nzima. Katika kijiji kimoja upande wa Idete, mama amejifungua nyumbani kabla ya kuwahi zahanati. Mtoto analia vizuri. Kondo la nyuma limetoka. Nusu saa baadaye khanga iliyokuwa chini yake imelowa, na nyingine, na mama anasema anahisi baridi na kizunguzungu. Mumewe yuko Mufindi kwenye kazi ya mbao, simu yake haipatikani. Mama mkwe anasema kila mzazi hutokwa damu.

Hapa ndipo uhai unapoamuliwa. Bibi huyo hana nia mbaya; amezalisha wengi na wengi walipona. Lakini asiyejua tofauti kati ya damu ya kawaida na damu ya hatari hapaswi kuachiwa uamuzi peke yake, na mke wa jirani anayejua hapaswi kuogopa kupiga simu kwa kuwa si mwenye nyumba. Namba 115 haimuulizi mpigaji kama ana ruhusa ya mume. Mtu yeyote anaweza kupiga: mama mwenyewe, shemeji, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwalimu, mwendesha bodaboda.

Kwa hiyo tunashauri jambo hili lizungumzwe mapema, mimba ikiwa bado changa, sebuleni na si kliniki tu. Baba akisafiri, nani ataamua? Nani atabaki na watoto wengine? Nani ataongozana na mama, na nani ataweza kuchangia damu? Nguo, khanga safi na kadi ya kliniki viwe katika mfuko mmoja unaojulikana uliko. Kwa familia zinazoishi mahali ambapo barabara hukatika masika, kama sehemu za Kilolo, Busokelo au bonde la Usangu linapofurika, ni busara zaidi mama ahamie karibu na kituo wiki chache kabla ya tarehe yake, kwa ndugu au katika nyumba ya kusubiria wazazi pale ilipo. Safari salama kuliko zote ni ile iliyofanyika mchana, bila haraka.

Dalili ambazo hazisubiri asubuhi ni hizi. Kwa mjamzito: kutokwa damu, maumivu makali ya kichwa, kuona giza au maruweruwe, kuvimba uso na mikono, degedege, homa kali, chupa kupasuka kabla ya uchungu, mtoto kuacha kucheza tumboni, na uchungu unaopita saa 12 bila mtoto kuzaliwa. Kwa aliyejifungua: damu inayolowesha kitambaa baada ya kitambaa, homa, degedege, kupoteza fahamu. Kwa mtoto mchanga: kushindwa kunyonya, kupumua kwa shida au kwa haraka mno, mwili kuwa wa baridi au wa moto sana, kulegea, ngozi na macho kuwa ya njano, kitovu kutoa usaha.

Namna ya kusema mahali ulipo

Mhudumu wa simu hakuoni. Anachokijua kuhusu nyumba yako ni kile utakachomwambia katika dakika moja ya kwanza, na hapo ndipo watu wengi hupotea. "Njoo hapa kwetu, karibu na kwa mjumbe" ni maelezo kamili kwa jirani, na si chochote kwa mtu aliyeko mjini Iringa au Mbeya.

Anza na mkoa na halmashauri, kisha kata, kijiji, kitongoji. Baada ya hapo taja kitu kisichohama ambacho dereva atakiona usiku: kanisa, msikiti, shule, mashine ya kusaga, mnara wa simu, daraja. Katika operesheni ya anwani za makazi iliyofanyika mwaka 2022 kabla ya sensa, barabara zilipewa majina na nyumba zikapewa namba. Wengi tuliona kibao hicho kama jambo la serikali tu, na wapo waliokining'iniza ndani kikawa pambo. Kirudishe nje, na uifundishe familia, hata watoto wa darasa la nne, kuitamka namba hiyo pamoja na jina la barabara.

Eleza pia hali ya njia kwa ukweli. Usiseme gari linafika iwapo linaishia mtoni. Mhudumu akijua kwamba daraja limezolewa, atapanga mkutane upande wa pili. Asipojua, gari litageuzwa kwenye tope na saa nzima itapotea. Usikate simu mpaka uambiwe, kisha iache simu hiyo bila kupigiwa na ndugu wa kila upande, maana dereva ataitafuta. Katika mabonde ambako mtandao hushikwa mahali pamoja tu, juu ya kichuguu au chini ya mti fulani, mtu mmoja abaki pale.

Na tuseme wazi kuhusu simu za mzaha. Namba isiyotozwa huwavutia watoto na walevi. Kila dakika mhudumu anayotumia kumsikiliza anayecheka, kuna mwingine anayesikia mlio wa simu inayotumika. Mzazi anayempa mtoto simu ya kuchezea aikague.

Kati ya simu na gari

Dakika hizi ndizo jamii inazozimiliki kabisa. Mama anayetokwa damu alazwe, afunikwe apate joto, akojoe kama anaweza, na mtoto awekwe kwenye ziwa, kwa kuwa kunyonya husaidia mfuko wa uzazi kukaza. Asipewe dawa ya kienyeji ya aina yoyote. Mwenye degedege alazwe kwa ubavu wa kushoto, vitu vigumu viondolewe karibu naye, na asitiwe kijiko wala kitambaa mdomoni. Mtoto mchanga akaushwe, avikwe kofia, na alazwe kifuani pa mama au ndugu mwingine, ngozi kwa ngozi, kisha wafunikwe pamoja. Wanaoishi Mufindi au Makete wanajua baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Kichanga aliyezaliwa kabla ya wakati anaweza kuuawa na baridi hiyo ndani ya gari lililofungwa madirisha, huku kila mtu mzima humo akijiona yuko salama. Asiogeshwe.

Vijana wana kazi nyingine. Palipo na mlima au tope, machela ya miti miwili na blanketi zito bado haijapitwa na wakati. Wazee wetu waliwateremsha wagonjwa hivyo kwa vizazi vingi, wakipokezana mabegani. Tofauti ya leo ni kwamba machela haiendi hospitali. Inakwenda kwenye mahali pa kukutana palipokubaliwa na dereva. Kijiji kinachojua mahali hapo mapema, kikawa na machela iliyokwisha kutengenezwa ikitunzwa katika ofisi ya kijiji au zahanati, kinaokoa muda ambao vinginevyo ungetumika kutafuta shoka. Mtu mmoja atangulie barabarani na tochi. Wengine wajaze mawe kwenye shimo linalojulikana. Kazi ya msaragambo ya kutengeneza kipande kibovu cha njia kabla ya masika ni huduma ya dharura sawasawa na ya muuguzi, ingawa hakuna anayeiita hivyo.

Mjini mambo ni mengine. Jijini Mbeya barabara kuu ndiyo hiyo hiyo inayobeba malori ya Zambia, daladala, bajaji na wachuuzi, kuanzia Uyole kupitia Soweto na Mwanjelwa hadi Mafiati na kuendelea. Gari la wagonjwa linalopeleka mama Hospitali ya Wazazi Meta halina njia yake peke yake. Usikiapo king'ora, sogea kushoto usimame. Usijaribu kulikimbia mbele wala kulifuata nyuma ili upate upenyo. Tumeona, na tunasikitika kusema, madereva wa vyombo vidogo wakilifuata gari la wagonjwa kama wafuatao msafara wa harusi.

Ajali kwenye barabara kuu

Barabara ya TANZAM inaipita mikoa yote miwili, na abiria yeyote anaijua Kitonga: upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine korongo, na malori yanayopanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Miteremko ya Mbeya kuelekea Mbalizi nayo ina historia yake. Ajali ikitokea, wa kwanza kufika si askari wala daktari. Ni abiria wa basi linalofuata, muuza mahindi, mwenye duka la kando ya njia.

Piga 112 kwa Polisi, na 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji iwapo kuna moto, mafuta yanayomwagika au mtu aliyebanwa. Eleza idadi ya majeruhi unaowaona na mahali, kwa kutaja kijiji au nguzo ya kilomita iliyo karibu. Mtu mmoja apeleke alama za tahadhari mbali juu ya kona, kwa sababu kwenye mteremko lori linalofuata ndilo huua waokoaji.

Anayevuja damu bana jeraha kwa kitambaa safi na kiganja, kwa nguvu, bila kuachia ili kuchungulia. Aliyeanguka au kubanwa asivutwe shingo wala kukunjwa kuingizwa kwenye kiti cha bajaji, isipokuwa kuna moto au hatari nyingine inayomkaribia. Kichwa, shingo na mgongo vihamishwe vikiwa vimenyooka, kwa watu kadhaa kusaidiana. Asiye na fahamu lakini anapumua alazwe ubavu ili matapishi yasimzibe koo. Asinyweshwe maji, hata akiomba, kwa kuwa huenda atahitaji upasuaji. Walio kimya waangaliwe kabla ya wanaopiga kelele, anayelia anapumua.

Lori la mafuta likipinduka, kimbilia mbali na uwaite wengine wakufuate. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lori lililoanguka liliwaka moto watu wakiwa wanachota petroli, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Hatuna ushauri mwingine wa kuongeza juu ya huo.

Kuhusu fomu ya polisi namba tatu, yaani PF3: inahitajika katika taratibu za kisheria na za bima, lakini majeruhi aliye hatarini hutibiwa kwanza na fomu hufuata. Usimpitishe kituo cha polisi mtu anayevuja damu. Mpeleke hospitali iliyo karibu, iwe Ilula, Mafinga au Chimala kutegemea mahali mlipo, na mmoja wenu ashughulikie fomu. Tunza pia namba za usajili za magari yaliyohusika, maana bima ya lazima ya chombo cha moto humlinda mtu wa tatu aliyeumia, na madai hayo huanza na namba hiyo.

Damu haisafiri na gari

Mama akifika hospitali akiwa hai na kukuta jokofu la damu tupu, safari yote huenda isimfae. Hapo ndipo mji mzima, hata wale wasiokuwa na ndugu mgonjwa, unapoingia katika habari hii. Damu haitengenezwi kiwandani. Mpango wa Taifa wa Damu Salama una kituo cha Kanda ya Nyanda za Juu Kusini jijini Mbeya, na hospitali za mikoa hupokea wachangiaji. Anayefaa ni mwenye afya njema, umri kati ya miaka 18 na 65, uzito usiopungua kilo 50. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya minne.

Mazoea yetu ni kuchangia ndugu anapolazwa. Ni mazoea mema lakini huchelewa, kwa sababu damu iliyotolewa leo lazima ipimwe kabla ya kutumika. Chupa inayomwokoa mama saa nane usiku ni ile iliyotolewa wiki iliyopita na mwanafunzi wa sekondari au mwanakwaya asiyemjua. Mgonjwa hauziwi damu. Ukiambiwa ulipie chupa, uliza jina la anayekuambia na uende kwa mganga mfawidhi.

Gharama na malalamiko

Safari iliyoratibiwa kupitia 115 kwa mama au mtoto mchanga hailipiwi na familia. Haitakiwi kuchangiwa mafuta, wala "chai" ya dereva, wala posho ya muuguzi anayesindikiza. Kwa wagonjwa wengine, kama vile mzee aliyepooza ghafla, mtoto mkubwa aliyeungua au majeruhi wa shambani, gari huombwa kupitia zahanati, kituo cha afya au hospitali iliyo karibu, na utaratibu wa gharama hutofautiana kati ya kituo na kituo, na hasa kati ya vya umma na vya binafsi. Kwa hao, iulize bei siku ambayo hakuna mgonjwa. Pita kituoni unapokwenda mnadani, uliza namba ya zamu, uliza gari huchangiwa vipi, uliza kama bima yako inalihusu, uandike majibu nyuma ya mlango.

Tulipokea malalamiko ya familia moja iliyoambiwa na mhudumu wa kituo kimoja, ambacho hatutakitaja, kwamba gari lipo lakini halina mafuta, hivyo watoe fedha kwanza. Walichanga usiku ule kwa kuuza mbuzi kwa bei ya kutupa. Mgonjwa alifika. Kosa lao, kama ni kosa, lilikuwa kutoandika chochote: hawakuwa na jina, saa wala stakabadhi, na uchunguzi ulikuwa mgumu kwa sababu hiyo. Kwa hiyo, hata katika fadhaa, mtu mmoja aandike kwenye simu saa ya kupiga, jina la aliyepokea, saa gari lilipofika, namba ya usajili na kiasi chochote kilichodaiwa.

Malalamiko hupelekwa kwanza kwa mganga mfawidhi wa kituo au kamati ya usimamizi ya kituo, ambayo ndani yake wamo wawakilishi wa wananchi. Usiporidhika, nenda kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri. Unaweza pia kupiga 199, kituo cha huduma kwa wateja cha Wizara ya Afya, nayo haitozwi. Huna haja ya wakili wala barua iliyopigwa chapa. Karatasi ya daftari yenye tarehe na sahihi inatosha, na uombe nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Andika na mazuri pia. Dereva aliyevuka tope la Ukwega usiku wa manane na mhudumu aliyebaki kwenye simu dakika arobaini akimtuliza binti wa miaka kumi na saba hawana mahali pengine pa kusikia kwamba walifanya kazi yao, na halmashauri inapopanga ni mikataba ipi ya madereva iendelee, barua ya mwananchi husomwa pamoja na hesabu.